Dada, Mimi Sasa Si Mtu wa Pangani

Mtoni, Temeke
Jumapili asubuhi

Dada Zuhura,

Kibali kimetoka. Naanza na habari yenyewe, maana wewe ndiye uliyekuwa ukilalamika, ukizipiga chapa kazi zangu, kwamba msomaji anangoja hadi aya ya tatu ndipo ajue nani kafanya nini. Basi ndiyo hiyo. Watu wa uhamiaji wamegonga muhuri kwenye pasi yangu ya Kenya. Naruhusiwa kuishi nchini na kufanya kazi kama mtu aliyejiajiri, kwa miaka miwili, na ikiisha naruhusiwa kuomba tena. Jina lililoandikwa ni langu. Jina la baba ni la baba yangu mwenyewe. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa Mombasa. Pangani haimo.

Najua hapo kwenye Pangani umeshakunja uso. Nitafika.

Kwanza ya nyumbani. Mwanao Asha alirudi kutoka Tanga, akakaa arobaini yako yote, kisha akasema harudi, na mumewe akamfuata baadaye na kitanda na cherehani. Duka lako amelifungua yeye. Kibao ni kilekile, "Kupiga Chapa, Faksi, Simu, Kopi", ila amekipaka rangi upya na sasa herufi hazipandiani. Kiti chako anakikalia yeye, pamoja na ule mto. Siku ya kwanza nilipomkuta pale nilisimama mlangoni kidogo, kisha nikampa kurasa zangu.

Jirani wa kushoto amefungua baa na ameweka televisheni. Mzee Kitwana, mjumbe wetu wa nyumba kumi, analalamikia kelele za baa ile kila jioni, akiwa amekaa ndani yake na soda, anaangalia mpira. Mama Chausiku yupo palepale barazani na kikaango chake cha vitumbua. Mifuko ya plastiki imejaa mjini, lakini yeye bado anafungia magazeti. Anasema mfuko unafanya kitumbua kitoe jasho.

Sasa Pangani. Hadithi hii unaijua kuliko mimi, lakini niache niipange, maana ilinibidi kuipanga mbele ya watu na sikuwa na wa kunisahihisha.

Nilikuja Dar nikiwa nimeacha kazi ya mshahara kwenye gazeti Mombasa. Hapa mambo yalikuwa yanafunguka. Maduka yalianza kujaa, magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanaota kama uyoga, na wahariri wa Nairobi na wa redio za ng'ambo walitaka mtu wa kuwaeleza kinachoendelea. Walilipa kwa habari. Hakuna habari, hakuna malipo. Nilihitaji chumba, meza na mashine ya faksi, na Mtoni nzima niliyoijua mimi mashine ilikuwa moja, ile uliyoletewa kutoka Dubai imeviringishwa kwenye khanga ndani ya begi la nguo. Ukanipa chumba cha uani. Ukanipa na meza. Kila ukurasa ukipita kwenye mashine ulikuwa unasema: "Imefika. Imesomwa. Imesahaulika. Keshokutwa Mama Chausiku anafungia vitumbua." Nimefanya kazi na wahariri wengi. Hakuna aliyenielezea kazi yangu kwa usahihi kiasi hicho.

Kisha ukaja msako. Mgambo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wageni wasio na vibali. Mimi nilikuwa na ruhusa ya mtembezi, inayokuruhusu kutembea na isiyokuruhusu kufanya kazi, na walinikuta mezani, penseli sikioni, kurasa zimetapakaa. Ulijibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu mdogo wangu, baba mmoja. Mama yake mtu wa Pangani. Kichwa chake kibovu kidogo, anaandikaandika tu." Mgambo alicheka, akaomba maji, akaenda zake.

Ulimpa marehemu baba yako mke wa pili Pangani bila kumuuliza.

Na uongo ule ukakaa. Lafudhi yangu ikapata maelezo. Ndugu zenu wa Kisarawe walipoletewa habari walishangaa kidogo, kisha wakasema mzee alikuwa mtu wa safari. Asha, aliyekuwa ameshaolewa Tanga, akaja kukusalimia, ukamwambia "msalimie mjomba wako", akanishika mkono kwa heshima zote, na tangu siku hiyo hajawahi kuniita jina jingine. Mama Chausiku akawa ananiuliza hali ya Pangani. Mimi ambaye sijawahi kukanyaga Pangani nikawa namjibu kwamba mvua ni za kawaida.

Kila ruhusa ilipokaribia kwisha nilipanda basi kwenda mpakani Horohoro, nikavuka, nikanywa chai upande wa pili, nikarudi na muhuri mpya. Mtaani ilijulikana kwamba naenda kuwaona wazee. Mama Chausiku alikuwa akinipa furushi la vitumbua vya mama yangu wa Pangani. Nilivimaliza kabla basi halijafika Chalinze.

Mwisho wake niliuleta mwenyewe, kwa mdomo. Safari ile ya mwisho nilikuwa napiga soga na afisa wa mpakani, mtu mchangamfu, tukaongea maisha yalivyopanda, nikamwambia hata mchicha Temeke siku hizi haushikiki. Akaweka muhuri mezani. "Mtembezi gani anajua bei ya mchicha Temeke?" Kisha akafungua pasi yangu, akaipitia ukurasa mmoja mmoja. "Bwana, wewe hutembei. Wewe unaishi. Sheria mpya imekuja. Hii nakupa, ni ya mwisho. Ukitaka kuishi, omba kuishi."

Nilikuhadithia nikidhani utacheka. Ulikuwa unapepeta mchele. Ukasema, "Kasema kweli. Kaombe." Nikasema nitakwenda. Ukasema, "Mie nina presha, mdogo wangu. Nikifa mie, nani atakudanganyia?"

Nilicheka mimi. Ulifariki mwezi uleule.

Kuhusu mazishi nitakwambia jambo moja tu. Pale makaburini, ulipofikishwa, Mzee Kitwana aliita kwa sauti: "Kaka wa marehemu, shuka." Watu wakanipisha. Unajua anayeshuka kumpokea mwanamke kaburini anatakiwa awe maharimu wake, ndugu wa damu. Nilisema mgongo unaniuma. Vijana wa Kisarawe wakashuka, wakakupokea vizuri, na mimi nikasimama juu na kumwaga mchanga kama jirani yeyote. Mzee Kitwana alinitazama. Nilidhani amenidharau.

Baada ya arobaini nikaenda uhamiaji. Nilikuta karani mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mazungumzo yetu nitayaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu ungeyapenda.

"Mwajiri wako nani?"

"Sina."

"Basi huna kazi."

"Ninazo nyingi."

"Kazi nyingi bila mwajiri ni biashara. Unauza nini?"

"Habari."

"Duka liko wapi?"

Nikamweleza kwamba sina duka, nina meza. Akauliza wanaonilipa wako wapi, nikasema nje. Akauliza kazi inawafikiaje, nikasema kwa faksi. Akavua miwani. "Yaani wanaokulipa wako nje, na wanaosoma wako nje. Sasa hapa nchini wewe unafanya nini?"

"Naishi," nikamwambia.

Hakukasirika. Alisema watu wa namna yangu hawajawapata wengi. Waliojiajiri anaowajua yeye wana mashine ya kusaga au shamba au gereji, kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukigusa. Lakini alisema sheria haikatazi mtu kujiajiri kwa penseli, mradi nioneshe kwamba kazi ipo, kwamba fedha zinatoka nje na simnyang'anyi mwananchi ajira, na kwamba naishi ninaposema naishi. Akasema nikalete barua za wahariri.

Barua nilikuwa nazo, zimekuja kwa faksi, nimezihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya dirisha. Umeshajua kilichotokea. Mara ngapi ulinikemea, "Faksi itoe kopi siku hiyohiyo, karatasi hii haipendi joto"? Nilizipeleka bila kuziangalia. Karani alizinyanyua kwenye mwanga mojamoja, zote nyeupe, joto limefuta maandishi, zimebaki alama za kukunjia tu. "Hizi wameandika majini?" akauliza. Watu kwenye foleni walicheka na mimi nikacheka pia, sikuwa na jingine la kufanya. Asha ndiye aliyewapigia wahariri simu akiwa na ile sauti yako ya kudai, akapata barua nyingine, na kila iliyotoka kwenye mashine aliitoa kopi kabla haijapoa. Nikazipeleka. Karani akapokea jalada, akasema atatumwa afisa kuja kuhakikisha makazi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Afisa alikuja siku ambayo nilikuwa mjini. Ni dada mmoja wa makamo, mrefu, lafudhi ya Nyanda za Juu, anaongea taratibu. Alishuka kwenye gari la serikali, akamsalimia Mama Chausiku, akauliza kama anamfahamu mwandishi anayeishi nyumba hii. Dada, fikiria. Gari la serikali, mtu mwenye sare, anauliza habari za jirani.

Mtaa ukafunga safu. Niliyajua yote siku ya tatu yake, nilipoitwa ofisini kwake. Alikuwa amelifungua jalada langu mbele yake na alikuwa anasoma bila kuinua macho. "Fundi viatu anasema wewe ni mtu wa hapahapa. Mwenye baa anasema mmesoma wote. Mama wa vitumbua anasema umezaliwa Pangani, umetahiriwa Pangani, na yeye alikuwepo." Akafunga jalada. "Wewe umeniandikia hapa kwamba ni mgeni uliyezaliwa Mombasa. Kati yako na mtaa mzima, mmoja ananidanganya. Wananchi huwa hawaombi kibali cha kuishi kwao. Na wageni huwa hawatahiriwi Pangani."

Nikafungua mdomo. Akaninyamazisha kwa mkono. "Ruhusa yako inaisha wiki ijayo. Nitarudi Mtoni kabla haijaisha. Nikute ukweli mmoja. Nikikuta wa aina mbili, utaondoka, na hutarudi karibuni."

Nilitembea hadi kituoni nikijua nina njia mbili. Ya kwanza alinieleza mwenye baa jioni ileile, kwa nia njema kabisa: "Braza, mbona rahisi? Futa maombi. Baki mtu wa Pangani. Mjumbe anakuandikia, unakula kiapo cha kuzaliwa, mwezi ujao unapiga kura." Na ingewezekana. Watu wameishi hivyo na kuzikwa hivyo. Ningebaki mdogo wako kwa muhuri wa serikali, na Mombasa ningekuwa sikuzaliwa, wala mama yangu aliye hai Mombasa asingekuwa amenizaa.

Ya pili ilikuwa kusimama mbele ya watu na kusema kwamba wewe hukuwa dada yangu.

Nilimwendea Mzee Kitwana. Alikuwa anasubiri mpira uanze. Nikampa shikamoo, nikamwambia nataka wenye nyumba zote kumi, uani kwako, baada ya sala ya alasiri. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Na Asha awepo."

Walikuja wote. Mama Chausiku alikuja na kikaango chake, akakiweka pembeni, akasema hawezi kukiacha barazani peke yake na watu wa baa. Wakakaa kwenye mikeka yako. Asha alikaa mlangoni, mgongo kwenye mwimo. Nilisimama. Nimesimama mbele ya mawaziri nikauliza maswali mabaya bila shida. Siku ile nilishika penseli mkononi bila sababu.

Nikasema: mimi ni mtu wa Mombasa. Pangani sijawahi kufika. Baba yangu si baba wa Zuhura. Zuhura hakuwa dada yangu. Alisema hivyo kunikinga na mgambo, nikaliacha neno hilo kwa sababu lilinifaa, na sasa nataka kuishi hapa kwa jina langu, na sitaweza mpaka nyinyi mseme ukweli kwa yule afisa.

Mama Chausiku akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega. "Mwandishi," akasema, "siku ya kwanza umekuja kwangu uliomba nini?"

Nikasema sikumbuki.

"Uliomba mahamri, maandazi ya kwenu Mombasa! Mtu wa Pangani na mahamri wapi na wapi? Nikamwambia Zuhura, huyu ndugu yako anatoka mbali kuliko unavyosema. Akaniambia, Mama Chausiku, kaanga vitumbua vyako. Nikakaanga vitumbua vyangu."

"Na vile vya mama yangu wa Pangani?"

"Si nilijua unakula mwenyewe? Unadhani kwa nini nilikuwa naweka vingi?"

Fundi viatu akasema yeye alijua kwa sababu sina timu ya mpira. Mwenye baa akasema hakujua, na kwamba hata sasa haoni tatizo. Mzee Kitwana alingoja wamalize, akajikohoza kijumbe. "Mie nilijua makaburini," akasema. "Nilipokuita ushuke, ukasema mgongo. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuona umebeba gunia la mchele begani peke yako, la shughuli. Nikasema, huyu si ndugu. Na nikasema, huyu ana adabu." Halafu akainua mikono. "Sasa tumuombe radhi marehemu baba yake Zuhura. Tumemuoza mke asiyemjua miaka yote hii." Wakaomba kweli, wakaitikia amina, huku wengine mabega yanatikisika.

Aliyekuwa hacheki ni Asha. Kicheko kilipotulia akasema, hakupaza sauti, "Kwa hiyo mama alinidanganya na mie."

Aliinuka, akaingia dukani, akafunga lile dirisha la mbele.

Sikuwa nimefikiria hilo, Dada. Nilihesabu serikali, nikahesabu mtaa, nikakuhesabu hata wewe uliye chini ya ardhi. Sikumhesabu mtu ambaye kwake Pangani haikuwa hila ya kumkwepa mgambo. Alikuwa amempoteza mama, na jioni ile nikamwondolea na mjomba.

Afisa alirudi siku mbili baadaye. Ningependa ungekuwepo. Watu walewale walioapa mimi ni wa hapahapa sasa walikuwa wanashindana kunifanya mgeni. "Afande, huyu mgeni kabisa!" "Afande, hata timu hana!" "Msikilize anavyosema, afande, mwambie aseme kitu!" Mama Chausiku alimshika afisa mkono. "Mwanangu, yule mama yake wa Pangani usimtafute, hayupo, tulimtunga sie."

Afisa aliuliza kwa nini walimdanganya mara ya kwanza.

Mama Chausiku alishangaa kwelikweli. "Mwanangu, ulikuja na gari la serikali ukauliza habari za jirani. Wewe kwenu wangesema nini?"

Nadhani afisa alipafikiria kwao. Kisha akakaa kwenye benchi, akaomba kila mmoja aseme tena taratibu, akaandika, wakatia sahihi na wengine dole gumba. Mzee Kitwana akaongeza maneno yake kwamba ananifahamu kama mgeni mwenye tabia njema, isipokuwa kwenye mpira. Afisa akataka kuona ninapofanyia kazi. Nikamwonesha meza. Akaigusa, nafikiri kwa ajili ya yule karani. Akataka kuona faksi inavyokwenda.

Dirisha la duka lilikuwa limefunguliwa. Asha alikuwa kwenye kiti chako. Akapokea ukurasa wangu, akaupitisha, mashine ikalia, ukatoka upande wa pili. "Imekwenda," akasema. Afisa akauliza anafahamiana nami vipi.

"Mpangaji," Asha akasema. "Mwandishi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyohitajika. Nilikaa na neno lile wiki zote nilizongoja, kwa ruhusa ya muda niliyopewa wakati jalada linashughulikiwa. Asha alinipikia kama kawaida, akanipigia chapa kama kawaida, akaniita Mwandishi. Ningeweza kumwendea na maneno mengi. Sikumwendea. Nililipa kodi na kuleta kazi.

Alhamisi hii iliyopita wakaniita. Karani wa miwani ndiye aliyenipa fomu ya mwisho ya kujaza. Kuna mahali wanauliza: ndugu wa karibu aliyeko nchini. Kalamu ilisimama. Karani akasema, "Kama hayupo andika hakuna." Nikaandika hakuna. Muhuri ukagongwa. Nilitoka nje na jua lilikuwa kali, nikanunua maji, nikanywa yote nimesimama. Kisha nikarudi nyumbani kwa sababu sasa ni nyumbani kwa sheria.

Nilimpa Asha karatasi zote anitolee kopi. Nimejifunza, siku hiyohiyo. Alizipanga, akaanza kuzipitisha, na kwa kuwa ni mwanao anasoma kila anachokipitisha. Akafika kwenye ile fomu, akasimama.

"Hapa umeandika hakuna."

"Ndivyo ilivyo kisheria," nikamwambia.

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Sheria ya wapi hiyo, Mjomba?"

Hakungoja jibu. Alifunika mashine, ikawaka, kopi ikatoka. Akaiweka juu ya zile nyingine, akagonga pembe zikalingana, akanikabidhi. "Hizo zimefika," akasema. "Hazijasahaulika."

Nilikwenda kwa Mama Chausiku nikanunua vitumbua, bila sababu nyingine ila kupata mahali pa kuangalia.

Basi ndiyo habari yenyewe, kichwa hadi mkia. Uliuliza ukifa nani atanidanganyia. Jibu lake, Dada, ni mtaa mzima, na kwa ustadi kuliko wewe. Lakini siwahitaji tena kwa kazi hiyo, na nadhani ndicho ulichokuwa unataka uliponiambia kaombe.

Naahidi haya. Hitima yako mwaka huu itasomwa uani kwako. Mimi ndiye nitakayenunua mchele, na nitaubeba mwenyewe, na mgongo hautaniuma. Kibali kikikaribia kwisha nitaomba kingine. Na kabla ya hapo nitapanda basi hadi Pangani, mchana kweupe, na Asha akitaka tutakwenda wote. Nitapiga picha nikuletee kaburini, ujue ulikonizalia kunafananaje. Mama Chausiku ameshasema atanipa furushi.

Lala salama, Dada Zuhura. Ukurasa huu haupiti kwenye mashine. Nitausoma kwa sauti pale ulipo, kesho alfajiri kabla ya kazi.

Ndimi mdogo wako,
Rajabu, wa Mombasa